Namba Nilizoziita Basotu

Damiano mwanangu,

Mambo ya sweta, ya dawa ya kifua na ya kupiga simu ukifika nimeshayasema mpaka umechoka, sitayarudia hapa. Umeenda Masieda kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mpaka umalize kila kilichoko jikoni, kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Naandika nikiwa na hasira. Tangu jana nangoja ipoe, haijapoa, na kesho basi lako halitanisubiri nimalize.

Jana mezani uliwasimulia binamu zako kazi unayokwenda kuifanya Mwanza. Uliwaeleza vizuri, hata shangazi yako asiyejua kuwasha kompyuta alielewa. Kwamba kampuni ina matawi mengi, kila kompyuta ina anwani yake ya namba, na wewe utazipanga namba hizo kwa makundi, kundi la tawi hili na kundi la tawi lile, halafu utakaa kwenye kiti uone kila tawi linatuma kiasi gani, kwenda wapi, saa ngapi. Mpaka hapo nilikuwa najivuna. Halafu ukasema kule ulikofanya mafunzo kwa vitendo kuna karani mlimkamata hivyo hivyo, bila hata kumwona uso. "Hakuwa na la kusema," ulisema. "Mchoro ulikuwa mbele yake." Watu wakacheka. Mimi nikatoka nje, na uliponifuata kuniuliza kama naumwa nikakujibu vibaya. Nisamehe kwa jibu lile. Kwa hasira yenyewe sikuombi msamaha.

Unajua nilifanya kazi hiyo hiyo. Hujui nilichofanya nayo.

Mimi nilianza kama mpiga chapa. Ofisi za umma zilipopunguza watu, mashine za chapa zikafunikwa vitambaa na sisi tukarudishwa nyumbani. Mimi niliogopa sana kurudi kulima, basi nikajifunza kompyuta kwa mtu aliyekuwa nayo moja tu, tukipokezana watu wanane. Ndiyo maana kampuni binafsi ya mbegu na dawa za mifugo ilipofungua ofisi zake huku, walinichukua. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya bado. Barua nyingi zilikuwa zinakuja zimeandikwa Arusha kwenye bahasha. Kampuni ilikuwa na ofisi nne: hapa Mbulu tulipokuwa na meneja, Katesh, Basotu na Dirma. Zilikuwa zinaunganishwa kwa antena zilizofungwa juu ya vilima, na mtu wa kuziangalia nilikuwa mimi. Ulikuwa darasa la nne. Ulikuwa unakuja ofisini baada ya shule na kulala chini ya meza yangu, karibu na mashine, kwa sababu pana joto.

Namba za kompyuta niligawa mimi mwenyewe, kwenye daftari. Mbulu namba hizi, Katesh hizi, na Basotu nikaipa thelathini, ingawa kompyuta za Basotu zilikuwa mbili tu, nikitegemea ofisi itakua. Baadaye walileta programu ya kuangalia yanayopita kati ya ofisi na ofisi. Nikaiambia: ukiona namba hizi thelathini, ziite Basotu. Ukiona hizi, ziite Dirma. Ikanichorea mistari ya rangi, na mimi nikawa namba moja wa kuamini mistari ile.

Katika mwaka huo huo meneja alinunua gesti Katesh, karibu na ofisi yetu. Siku moja aliniita akasema anataka wageni wake wapate intaneti, nifunge antena ndogo kutoka kwenye mnara wetu.

"Wapewe namba zipi?" nilimuuliza. "Za Katesh zimekwisha."

"Chukua zilizobaki popote, Mama Damiano. Usinisumbue na namba."

Nikachukua ishirini kutoka kwenye zile thelathini za Basotu. Nikaandika kwenye daftari, gesti ya meneja. Nikafunga antena, nikarudi Mbulu, nikasahau. Naomba uamini kwamba nilisahau kweli, kwa sababu hapa ndipo mahali pa mwisho katika barua hii ambapo nina kisingizio.

Msimu uliofuata ndama walianza kufa Dirma kwa ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe. Karani wa Dirma aliomba dawa kwa njia ya kompyuta kama utaratibu ulivyotaka. Kwake iliandikwa kwamba ombi linatumwa, naye akadhani limekwenda. Kumbe njia, ambayo ofisi zote zilikuwa zinaitumia, ilikuwa imejaa, na ombi lilikaa siku nne bila kufika Mbulu. Simu za mkononi kule zilikuwa zinashika ukipanda kilimani tu, hakuna aliyepanda. Dawa ilipofika, mzee mmoja alikuwa amepoteza ndama wote wa mwaka huo. Wenye ng'ombe walikuja mpaka ofisi ya Katesh, wakasimama nje tangu asubuhi, wametulia, wanataka kuambiwa kwa nini. Makao makuu nao wakauliza kwa nini. Meneja akawa anatafuta jina.

Akaniambia nimtolee mchoro. Nikatoa. Mstari wa Basotu ulikuwa umepanda kuliko mingine yote ukijumlisha, na wote ulikuwa unakwenda nje, kwenye sinema na mpira. Aliuangalia, akaninyooshea karatasi.

"Basotu yuko nani?"

"Agnesi," nikasema. "Agnesi Gidamis."

Alikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto wa wafugaji wa pale, wa kwanza kwao kufika kidato cha nne. Ndiye aliyekuwa anakaa na kompyuta zile mbili. Mimi ndiye niliyemfundisha kuzitumia, kwa siku tatu, na alikuwa anaandika kila kitu kwenye karatasi, hata mahali pa kubonyeza ili kuzima. Ningeweza kwenda Basotu. Ilikuwa safari ya siku moja. Ningeweza kukaa kwenye kiti chake nikaangalia kama kompyuta zake zina sinema hata moja. Sikwenda. Nilikuwa na karatasi mkononi, ina rangi, na meneja alikuwa anangoja.

Walimwita Mbulu. Alikuja na basi, akaingia, akatusalimia wote shikamoo, mmoja mmoja, kama ilivyo kwao. Meneja akamwekea karatasi mbele.

"Unaona hii?"

"Naona."

"Hii ni Basotu. Basotu ni wewe. Wakati wewe unaangalia sinema, ndama wanakufa Dirma."

"Sijaangalia sinema," Agnesi alisema.

"Kwa hiyo mashine inasema uongo? Mama Damiano amedanganya?"

Akanitazama. Mimi nikasema maneno ambayo nakuandikia kama yalivyo, nisije nikayapamba. Nilisema, "Agnesi, mchoro ndio huo."

Barua ya kumfukuza niliichapa mimi, kwa kuwa nilikuwa mpiga chapa mzuri kuliko wote. Niliambatanisha mchoro. Na nilikuwa na hasira naye, Damiano, unaelewa? Nilikuwa namwonea hasira yeye, kwamba nimemfundisha na ameniaibisha. Mpaka leo hasira yangu nikiitafuta mwanzo wake naikuta pale, kwenye mashine ile, imekosea mtu.

Habari zilifika Basotu na Dirma kabla yake. Zikasema binti wa Gidamis ameua ndama wa watu kwa kuangalia sinema. Baba yake aliacha kwenda mnadani. Mfugaji asiyekwenda mnadani ni mtu aliyejifungia ndani.

Ofisi ya Basotu ilifungwa kwa kufuli wiki mbili, ikingoja karani mpya. Nilizima hata betri ya pale, nikang'oa nyaya kwa mikono yangu. Nikarudi Mbulu, nikafungua programu kuangalia ofisi nyingine, na mstari wa Basotu ulikuwa unapanda. Jengo limefungwa, kompyuta zimefunikwa, na Basotu inaangalia mpira. Nilikaa nikiitazama. Halafu nikalifungua kundi lenyewe, namba kwa namba, jambo ambalo ningeweza kulifanya siku ya kwanza kwa dakika mbili. Zote zilikuwa zile ishirini. Nikatoa daftari. Mwandiko ulikuwa wangu.

Programu haikusema uongo, usinielewe vibaya. Ile haijui Basotu iko wapi. Haijui ziwa, haijui barabara, haijui Agnesi. Iliona namba, na mimi ndiye niliyeiambia namba hizo ziitwe Basotu.

Nikaenda kwa meneja siku hiyo hiyo. Hilo nilikuwa najisifia moyoni kwa miaka, kwamba nilikwenda siku hiyo hiyo. Nikamweleza. Hakushtuka, na hapo nikajua alikuwa anajua, au alikuwa ameamua mapema asijue.

"Funga mlango," akasema. Nikafunga. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi peke yangu."

"Basi zitoe hizo namba Basotu. Zitengenezee kundi lake, lisitokee kwenye taarifa."

"Na Agnesi?"

"Agnesi alishaondoka."

"Tunaweza kumwandikia."

"Mama Damiano," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuuliza habari za nyumbani, "watu wa Dirma wakisikia namba zilichanganywa, watauliza nani alizichanganya. Utawaambia nani?"

Nikarudi mezani kwangu. Nikatengeneza kundi jipya, nikaliita Nyinginezo, nikahamishia namba zile ishirini, nikaweka alama lisionekane kwenye taarifa. Kazi hiyo haikunichukua dakika tano. Mstari wa Basotu ukashuka mpaka chini, na mwezi ule makao makuu waliandika kupongeza kwamba tatizo limepatiwa ufumbuzi. Meneja aliisoma barua ile mbele ya wafanyakazi wote na akanitaja jina. Walipiga makofi. Niliinamisha kichwa nao wakadhani ni unyenyekevu.

Nilinyamaza miezi kumi na moja.

Ungeniuliza siku zile ningekupa sababu nyingi, na kila moja ilikuwa na maana ukiisikia peke yake. Kwamba Agnesi ni kijana, atapata kazi nyingine. Kwamba meneja ana watu. Kwamba nikitoka mimi, atawekwa mtu wake na mambo yatakuwa mabaya zaidi. Hii ya mwisho niichukie vipi ili utosheke? Niliwahi kuisema kwa sauti kwa mama mmoja kanisani, naye akaniambia nina busara.

Kisha antena ya Basotu ikapata shida na ikabidi niende. Nilipomaliza nilishuka kuelekea ziwani kununua samaki. Agnesi alikuwa pale, amekaa kwenye gunia, anapasua kambale, kisu mkononi. Nilitaka kugeuka lakini alishaniona. Akanawa mikono kwanza. Akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Damiano hajambo?"

Alikukumbuka. Alikuona mara moja tu, umelala chini ya meza siku ile walipomwita.

"Hajambo," nikasema.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini kikifika jambo zito alikuwa anakipima kwanza. "Mama," akasema, "wewe ndiye unayevijua vile vitu. Mimi nimewaza sana. Nieleze tu, sitakasirika. Nilikuwa nabonyeza wapi?"

Sikumwelewa.

"Kile kilichokuwa kinaleta sinema," akasema. "Mimi sikuziona. Lakini mchoro ulikuwepo. Basi nikajua kuna mahali nilikuwa nabonyeza vibaya, bila kujua, na inakwenda. Nataka kujua ni wapi. Nikijua, nitamweleza baba."

Miezi kumi na moja, Damiano. Alikuwa amepitia zile karatasi zake za mafunzo mstari kwa mstari akitafuta kosa lake. Sisi tulimfukuza kazi, lakini hilo lilikuwa dogo. Tulimfanya asiamini mikono yake mwenyewe.

Na unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Kompyuta ni vitu vigumu, Agnesi." Nikanunua samaki wangu. Nikapanda gari.

Wale samaki nilimpa jirani. Kesho yake nikachapa barua kwenda makao makuu, nikaeleza yote, namba, gesti, daftari, kundi la Nyinginezo, na jina langu juu ya kila nililofanya. Nikaweka kurasa za daftari ndani. Sikuwa shujaa hata kidogo. Nilikuwa mtu aliyeshindwa kula.

Wakaja wakaguzi wawili, waungwana, wakanywa chai na meneja. Yeye akahamishiwa mkoa mwingine, kwa cheo kile kile, na akachinjiwa mbuzi siku ya kuagwa. Mimi mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, na hakuna aliyeniambia sababu. Ndivyo tulivyoingia kwenye kile kibanda cha fotokopi unachokikumbuka. Kwa Agnesi wakaandika barua ya kumsafisha, yenye aya moja. Ilisema kumetokea hitilafu ya mfumo.

Hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo kuliko mengine yote. Hitilafu ya mfumo. Mfumo ulikuwa mzima. Kuna mtu alitaka mpira kwenye gesti yake, kuna mtu alikosea kuandika, kuna mtu alijua akanyamaza. Watu wawili walifanya yote hayo na mmoja wao ni mama yako. Utakutana na maneno hayo kazini kwako, Damiano. Yanapendwa kwa sababu hayana uso. Ukiyakuta, muulize aliyeyaandika ana maana ya nani.

Barua ile niliomba niipeleke mwenyewe. Nilikwenda mpaka bomani kwao, nje ya Basotu. Baba yake, mzee Gidamis, alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniletea kigoda. Nikaeleza, nikaomba msamaha, na Agnesi akawa anamgeuzia maneno kwa lugha yao. Sauti yake ilikuwa haina kitu ndani, kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine. Nilipomaliza mzee aliuliza jambo moja.

"Anauliza ulijua lini," Agnesi akasema.

Ningeweza kusema juzi. Nilisema ukweli, kwamba nilijua ndani ya wiki mbili baada ya yeye kufukuzwa. Agnesi hakuyageuza maneno yale. Mzee akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa bila kugeuziwa. Akainuka akaenda kwa ng'ombe wake, na hakurudi tena kukaa nami.

"Pale ziwani," Agnesi akasema. "Nilipokuuliza. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Kazi wanataka nirudi?"

"Wamesema unaweza kurudi."

"Sirudi." Akaikunja barua. "Na wewe mama, umekuja ili ukirudi kwako upumue. Mimi siwezi kukusaidia hilo. Safari njema."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Hasira nilirudi nayo mimi, na sijaishusha bado.

Sasa ana duka la dawa za mifugo Katesh, lake mwenyewe, na wa Dirma wananunua kwake. Nikipita huniamkia, kwa sababu amelelewa vizuri. Hajawahi kunikaribisha ndani. Sijawahi kumuomba msamaha mara ya pili, maana mara ya pili ingekuwa kwa ajili yangu.

Sikuandikii uache kazi. Ni kazi nzuri na unaiweza kuliko nilivyoiweza mimi. Yule karani wa kwenye mafunzo yako huenda kweli alikosa, sijui. Najua tu kwamba hakuna aliyekwenda kumtazama, na wewe ulicheka. Ukishayapanga makundi yako kule Mwanza, panda gari uende kwenye hayo matawi, hata wakikulaumu kwa kupoteza siku. Kaa kwenye viti vyao. Jua ni nani aliyegawa namba kabla yako na aliziazima wapi. Na siku utakapogundua kwamba ni wewe uliyekosea, utaogopa. Hilo siwezi kukuzuilia. Angalia tu unafanya nini katika dakika tano zinazofuata, kwa sababu mimi zangu nilizitumia vizuri sana, kwa ustadi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwaka juzi ulipohitimu, mbele ya ukoo mzima, nilisema kwamba kila nililolifanya nilikufanyia wewe. Ulilia. Shangazi yako naye akalia. Miezi ile kumi na moja nilijiambia hivyo hivyo kila asubuhi: nanyamaza kwa ajili ya mtoto, mtoto yuko shule. Nililisema mara nyingi mpaka nikaliamini, na siku ile nikakuvika wewe.

Si kweli. Ungesoma tu, ulisoma hata tulipokuwa na kibanda. Nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa yule mtu na nilipenda kupigiwa makofi. Wewe ulikuwa mtoto wa darasa la nne umelala chini ya meza, hukuniomba kitu.

Vua hilo kabla hujapanda basi. Ni la kwangu.

Mama yako